Mhasibu Anayesumbuliwa na Wateja

Mzee Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Kampemba, hapa Lubumbashi. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nimeolewa na mwalimu wa shule ya msingi, na tuna mtoto mmoja wa kiume mwenye umri wa miaka 3. Nimekuwa nikizisoma barua za wengine katika safu hii kwa muda mrefu bila kufikiri kwamba siku moja nami ningeandika, lakini mambo yamefika mahali ambapo siwezi tena kuyazungumza nyumbani bila kuzusha maneno.

Nilisoma biashara na usimamizi katika shule ya sekondari, kisha nikafanya miaka mitatu ya uhasibu katika chuo kimoja cha hapa Lubumbashi. Sikuchagua mwenyewe. Marehemu baba alikuwa mtunza hesabu, kaka yangu mkubwa ni mhasibu, na nilipopata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari hakuna aliyeniuliza ninataka nini. Mama, ambaye huuza unga wa mahindi katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, alikuwa amekwisha kuweka pembeni pesa ya kuniandikisha. Nilishukuru nikaenda.

Sasa ni mwaka wa nne ninafanya kazi katika duka kubwa la vipuri vya malori, nikiwa msaidizi wa mhasibu. Ninalipwa dola 400 kwa mwezi, mshahara ambao wengi wanautamani. Tatizo ni kwamba kazi hii sijaiweza. Kila mwisho wa mwezi, tunapofunga hesabu, lazima lionekane kosa langu: faktura iliyoandikwa mara mbili, tarakimu zilizobadilishana nafasi, malipo ya mteja mmoja yaliyoingizwa kwa jina la mwingine. Mwezi wa sita tulibaki kazini mpaka saa nne usiku tukitafuta dola 63, na tulipozipata zilikuwa katika karatasi zangu. Mkuu wangu ni mtu mzima mwenye subira, hanitukani, lakini nafasi ya mhasibu wa pili ilipofunguka alimpa kijana aliyeingia kazini nyuma yangu.

Sehemu ya makosa hayo, nasema kwa haki, inatokana na kusumbuliwa. Meza yangu iko nyuma, karibu na mlango wa ghala, na watu hawaniachi nitulie. Vijana wa kaunta wakishindwana na mteja huja kuniita. Juzi alifika mwenye malori kutoka Likasi akipiga kelele kwamba tumemwuzia beringi mbovu kwa mara ya pili. Nililazimika kuacha hesabu, nikamketisha, nikamwuliza gari lilinunuliwa lini na wapi, nani alifungua gurudumu, na kama beringi ya zamani bado ipo. Alikuwa nayo ndani ya gari, imefungwa katika gazeti. Kumbe ana malori mawili yanayofanana kwa sura lakini yaliyotengenezwa miaka tofauti, na dereva wake alikuwa akitutajia namba ya lile jingine. Yule bwana alicheka, akanunua beringi mbili, na tangu siku hiyo akipiga simu hataki kuzungumza na mtu mwingine. Wapo saba au wanane kama yeye, ambao wakiingia tu huuliza: «Yule mama wa ofisi ya nyuma yuko?» Hata madereva wanaogombana na watu wa ghala kuhusu mzigo uliopungua huletwa kwangu. Nikirudi mezani nimesahau nilikuwa katika mstari gani.

Nimejaribu kujitafuta. Nimejibu maswali ya kupima tabia katika simu mara tatu: mara ya kwanza niliambiwa nafaa kuwa mwalimu, mara ya pili msanii, mara ya tatu kiongozi wa kampuni. Binamu yangu ananiambia nifuate kile ninachokipenda. Ninachokipenda ni kuimba, nami ninaimba katika kwaya ya parokia tangu nikiwa na miaka 12, lakini miaka yote hiyo mwalimu wa kwaya ameniweka mstari wa nyuma, wala sidhani ni kwa sababu ya urefu wangu. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ni wakala wa forodha huko Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na anasema niache kazi mwishoni mwa mwaka nijiunge naye kwa kuwa huko pesa ipo. Mama hataki hata kusikia. Anasema aliuza unga miaka 18 ili niipate karatasi ile.

Je, mtu hutambuaje kazi inayomfaa? Au mimi ni miongoni mwa wale wasio na kipaji, ambao wanapaswa kuzishukuru dola 400 na kunyamaza?

Msomaji wa Kampemba

*

Mama wa Kampemba,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na penseli mkononi, kwa desturi niliyoipata katika miaka 26 ya kushughulikia mambo ya wafanyakazi kabla sijastaafu. Nilipiga mstari chini ya kila mahali ulipoeleza kazi iliyofanyika ikafanyika vizuri. Katika aya ya hesabu sikupata cha kupigia mstari. Katika aya uliyoiandika ili kujitetea, ile ya kusumbuliwa, karibu maneno yote yalipata mstari.

Hebu tutazame pole pole ulichomfanyia yule bwana wa Likasi. Mtu ameingia akipiga kelele, nawe ukamketisha kabla ya kumjibu. Kisha ukauliza maswali matatu, na hakuna hata moja lililomshutumu. La kwanza lilitafuta umri wa gari, la pili lilitafuta mkono uliolifungua, na la tatu lilitafuta kitu chenyewe kinachoshikika, ambacho kingemaliza ubishi bila yeyote kuonekana mwongo. Nimewaona mafundi wakuu wenye miaka 20 ya kazi wasioweza kuyapanga maswali kwa utaratibu huo, kwa sababu wao huanza kujibu kabla hawajauliza. Chuo chako cha uhasibu hakikufundisha jambo hili, na hakuna mtu dukani aliyekutuma ulifanye. Nawe umeliandika katika orodha ya mambo yanayokuharibia kazi!

Hapo ndipo ugumu wa kujitambua ulipo, na si kwako tu. Tumelelewa kuamini kwamba kazi ni kile kinachotutoa jasho, hivyo kile tunachokifanya kwa wepesi hatukihesabu. Mtu anayeandika barua nzuri hudhani kila mtu anaweza kuandika barua nzuri, na anayekumbuka sura za watu hudhani wengine ni wazembe tu. Wepesi wa jambo hujificha kwa mwenyewe, ilhali jirani anauona waziwazi, kwa kuwa kwake yeye jambo hilo ni gumu.

Mwaka 1955 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, walichora dirisha lenye vioo vinne ili kueleza suala hili. Kioo cha kwanza ni yale unayoyajua kujihusu nasi tunayajua. Cha pili ni yale unayoyajua peke yako. Cha tatu ni yale tunayoyaona sisi nawe huyaoni. Cha nne ni yale yasiyojulikana na yeyote. Waliliita dirisha la Johari, na msomaji wa Kiswahili hufurahi mara moja akidhani wamechukua neno letu la kito cha thamani, kumbe waliunganisha tu majina yao, Joseph na Harry. Hata hivyo bahati hiyo ya jina haidhuru. Johari yako wewe iko katika kioo cha tatu, na wateja saba au wanane wamekwisha kuiona.

Si kwamba wengine hutujua kuliko tunavyojijua katika kila jambo. Mtafiti Simine Vazire alilichunguza swali hili na kuchapisha matokeo mwaka 2010: katika mambo ya ndani, kama vile wasiwasi, mtu mwenyewe ndiye shahidi bora, lakini katika mambo ambayo watu huyapa sifa au aibu, kama vile akili na ubunifu, rafiki zake hupima vizuri zaidi kuliko yeye. Sababu yake inaeleweka: katika mambo hayo mtu ana haja ya kujipendelea au woga wa kujidhania makuu, na mizani yake haikai sawa. Kwa hiyo unaponiambia kwamba hesabu za mwisho wa mwezi zinakunyima amani, nakuamini kuliko mkuu wako. Unaponiambia kwamba labda huna kipaji, nawaamini wateja wako.

Kuhusu maswali ya simu, usiyachukie wala usiyatii. Mengi yanatokana, kwa mbali, na kazi ya John Holland wa Marekani, aliyeanza mwaka 1959 kuzigawa kazi na watu katika aina sita. Kazi yake ni ya kuheshimiwa, lakini vipimo vya namna hiyo hupima zaidi yale yanayomvutia mtu, na kuvutiwa si kuweza. Isitoshe, ulijibu mara tatu ukiwa katika hali tatu tofauti, pengine mara moja baada ya kusifiwa na mara nyingine baada ya zile dola 63. Mwalimu, msanii, kiongozi: majibu matatu ya namna hiyo yangeweza kumwangukia mtu yeyote aliyechoka na ofisi.

Binamu yako naye amechanganya mambo hayo mawili. Unapenda kuimba, na umekaa mstari wa nyuma miaka 17 bila kuacha, jambo linaloonyesha kwamba upendo huo ni wa kweli na hauhitaji kulipwa. Upendo wa namna hiyo uache ulipo.

Sasa naomba unisikilize kwa makini, kwa maana huenda nakosea. Umesema makosa yako yanatokana na kusumbuliwa, na inawezekana ni kweli. Mtu anayeitwa mara nane kwa siku kutoka katika safu za tarakimu atabadilisha nafasi za tarakimu hata kama ni mhasibu wa kuzaliwa. Kabla hujajihukumu kwamba hesabu si zako, mwombe mkuu wako akuruhusu, kwa siku tatu za mwisho za mwezi huu na ujao, ufanye kazi katika chumba kingine mlango ukiwa umefungwa. Andika idadi ya makosa. Yakitoweka, basi shida ilikuwa meza iliyo karibu na ghala, na utaamua kuhusu uhasibu ukiwa huna aibu inayokusukuma. Yakibaki, umepata jibu lisilo na uchungu. Nami nakuomba uangalie jambo la tatu ambalo wengi hulisahau: katika siku hizo tatu za utulivu, je, utajikuta ukisikiliza sauti za kaunta ukitaka kujua nani anagombana na nani?

Pili, nunua daftari. Peter Drucker, aliyezaliwa Vienna mwaka 1909 na kuandika maisha yake yote kuhusu kazi na uongozi mpaka alipofariki mwaka 2005, alipendekeza njia ambayo sijaona inayoizidi kwa wepesi: kila unapochukua uamuzi wenye uzito, andika unatarajia litokee nini, kisha baada ya miezi 9 mpaka 12 fungua ulinganishe. Nilianza mwenyewe mwaka 2009. Nilijiona hodari wa kuwapima watu katika mahojiano ya kazi, tena nilijisifu kwa jambo hilo mbele ya wenzangu, na katika mwaka wa kwanza niliandika majina ya watu 14 niliowakubali, mbele ya kila jina nikaweka neno moja: atadumu, au atasumbua. Nilipofungua daftari mwaka uliofuata, nilikuwa nimepata watano. Walionidanganya zaidi walikuwa wale walionichekesha. Lakini nilipotazama maoni niliyoyaandika kutokana na majalada yao, kabla sijakutana nao, nilikuwa nimekosea mara mbili tu. Nikamwomba mwenzangu mmoja aketi upande wa mahojiano, mimi nikachukua majalada, na tuliishi kwa amani mpaka nilipostaafu. Iliniuma, sitaficha, kwa sababu kuhoji watu kulikuwa na heshima kuliko kusoma karatasi.

Wewe huna haja ya kungoja mwaka mzima, kwa kuwa una miaka minne nyuma yako. Chagua watu watatu: mteja mmoja, mwenzako mmoja wa kazini, na mmoja ambaye hakupendi sana. Usiwaulize una kipaji gani, kwa maana watakujibu kwa adabu na hutapata kitu. Waulize hivi: mara ya mwisho ulipokuja kwangu ulitaka nini, na kwa nini hukwenda kwa mwingine? Andika maneno yao kama walivyoyasema, bila kuyapamba. Mama mzazi, mume na padri wasiwemo katika hao watatu; wanakupenda mno kwa kazi hii.

Nije kwa shemeji yako, kwa sababu hapo nina wasiwasi. Frank Parsons, aliyefungua ofisi ya kuwashauri vijana kuhusu kazi huko Boston mwaka 1908, alifundisha kwamba kujijua ni sehemu ya kwanza tu, kwamba sehemu ya pili ni kuijua kazi yenyewe na masharti yake, na kwamba ndipo mtu awezapo kuzilinganisha hizo mbili kwa akili. Watu wengi huishia katika sehemu ya kwanza. Hapa Lubumbashi tuliliona jambo hili mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, walipoondoka katika mpango wa kuondoka kwa hiari, kila mmoja na fungu lake la pesa. Jirani yangu mmoja alinunua basi dogo kwa sababu mtaa mzima ulikuwa ukinunua mabasi madogo. Hakuwa amewahi kubishana na dereva wala fundi maishani mwake, na baada ya miezi 8 basi lilikuwa limesimama juu ya mawe uani, kuku wakitaga ndani yake. Jirani wa pili alikuwa mtunza ghala, mtu ambaye ungemwamsha usiku ukamwuliza bolti ya kipimo fulani iko rafu gani, naye angekutajia kabla hajafumbua macho vizuri. Huyo alijenga kibanda cha mabati Katuba, akaanza kuwatunzia wajenzi saruji na zana zao kwa malipo madogo ya juma. Hakutajirika, sitatia chumvi, lakini watoto wake walimaliza shule na kibanda bado kipo.

Basi, kazi ya wakala wa forodha ikoje ukiifungua ndani? Kila bidhaa inayovuka Kasumbalesa lazima ipewe namba yake katika orodha ya ushuru, na tarakimu sita za mwanzo za namba hiyo ni zile zile duniani kote. Namba huingizwa katika mfumo wa kompyuta wa forodha uitwao Sydonia, pamoja na uzito, thamani na nchi ya asili. Tarakimu moja ikibadilishana nafasi na nyingine, mzigo unasimama, lori linalala, na mwenye mali analipa faini. Wewe umeniandikia kwamba kosa lako kubwa ni tarakimu kubadilishana nafasi. Shemeji yako, kwa nia njema kabisa, anataka kukutoa katika chumba kinachokutesa akupeleke kilomita 90 kuelekea mpakani ukaingie katika chumba kile kile, ila chenye joto zaidi na mshahara usio na uhakika.

Lakini kazi hiyo ina nusu ya pili. Yuko anayejaza hati, na yuko anayempokea mwenye mali aliyekasirika, anayemweleza kwa nini lori limekaa siku nne, na anayejua katika dirisha lipi aanze kuuliza. Katika ofisi nyingine watu hao ni wawili, katika nyingine ni mmoja. Mwulize shemeji yako anakutaka kwa nusu ipi. Kisha uende naye siku mbili, ukiwa na saa mkononi, uandike kila saa ilitumikaje: saa ngapi mbele ya kompyuta, saa ngapi na watu, saa ngapi kusimama foleni. Jina la kazi halikuambii unayotaka kuyajua. Mgawanyo wa saa ndio utakaokuambia.

Mimi, kama ungekuwa binti yangu, ningeanza pale pale ulipo. Duka linalouza vipuri vya malori hupoteza pesa kila kipuri kisicho sahihi kinaporudishwa, kwa sababu kuna mafuta ya usafiri, kuna mteja aliyekasirika, na kuna kisanduku kilichofunguliwa ambacho hakiuziki tena kama kipya. Wewe uko upande wa hesabu, kwa hiyo karatasi za vitu vilivyorudishwa zinapita mkononi mwako. Zihesabu kwa miezi mitatu iliyopita. Tenga zile za wateja uliowahudumia wewe na zile za wengine. Ukikuta tofauti, nenda kwa mkuu wako na ukurasa mmoja tu, umwombe akuweke kaunta nusu ya siku kwa miezi mitatu ya majaribio, mshahara wako ukibaki ulivyo. Usimwambie kwamba uhasibu umekushinda, maana anajua. Mwonyeshe pesa anayoipoteza, kwa lugha ya uhasibu ambayo mama yako aliilipia.

Ninaiona kasoro moja katika mpango huu: vipuri unavijua kwa kusikia, hujavijua kwa mikono. Utafika mahali ambapo maswali mazuri hayatoshi, na fundi mkaidi atakutega kwa neno usilolijua. Institut National de Préparation Professionnelle, taasisi ya Serikali iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa ajili ya kufundisha watu kazi, ina kituo chake hapa Lubumbashi. Nenda ukaulize kuhusu mafunzo ya umekanika wa magari na saa zake, na usiogope kuwa mwanamke peke yake darasani. Mhasibu aliyewahi kushika klachi iliyochakaa na mafuta yakamwingia kwenye kucha ni mtu adimu katika mji huu, na kampuni zinazohudumia migodi zina vitengo vya ununuzi vinavyomhitaji mtu wa namna hiyo.

Mkuu wako akikataa, bado hujapoteza kitu, na hapo ndipo utakapofikiria kuondoka. Uondoke kwa utaratibu. Kwa sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002, mwajiri anayemwachisha mtu mwenye mkataba usio na mwisho humpa taarifa ya siku 14 za kazi, akiongeza siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, na mfanyakazi anayeondoka mwenyewe hutoa nusu ya hizo. Mtu aliyetimiza miaka minne angetoa siku 21 za kazi, kama mkataba wake hausemi vingine. Mweleze shemeji yako hivyo, ili asikuvute uondoke kwa simu ya asubuhi moja. Na mshahara wa dola 400 usiuachie kabla hujaona mwingine umeandikwa katika karatasi yenye sahihi. Mtoto wa miaka 3 hali kipaji.

Nimemwacha mama yako mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndiye unayemwogopa zaidi. Hujaandika mahali popote kwamba umewahi kumwuliza kuhusu kazi yake mwenyewe. Katika soko la Kenya nimewaona wauza unga wanaochota kidogo kutoka katika gunia jipya, wanausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, wanaunusa, na kabla mwenye gunia hajamaliza kutaja bei wamekwisha kujua kama mahindi yalisagwa yakiwa mabichi. Nadhani mama yako ni mmoja wao, kwa maana hakuna aliyedumu miaka 18 katika biashara ile bila mkono huo. Siku ya Jumapili, mtakapokuwa mmekaa vizuri baada ya chakula, mwulize kwa nini alichagua kuuza unga na si vitenge, na ni nani aliyemfundisha kuupima. Mwache azungumze mpaka amalize. Kisha umsimulie habari ya bwana wa Likasi na beringi yake iliyofungwa katika gazeti.